Kivuli cha hekalu la Thanjavur kinafika chini

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu hekalu la Brihadisvara lililoko Thanjavur, kusini mwa India. Mmerudia ile hadithi kwamba kivuli cha mnara wake hakigusi ardhi. Kinagusa. Nilipokuwa mwanafunzi katika jimbo hilo la Tamil Nadu nilikuwa nikikaa kwenye kivuli hicho jioni, pamoja na familia zilizokimbia jua, maana viatu huachwa langoni na sakafu ya mawe huunguza nyayo.

Hekalu hili halihitaji kupambwa kwa miujiza. Mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola alilikamilisha mwaka 1010, kwa mawe ya granaiti, na mnara wake una zaidi ya mita 60. Hayo mliyataja, asanteni. Mlichoruka ni kuta zenyewe.

Ukiinama karibu na msingi utaona maandishi ya Kitamil yamechongwa mstari kwa mstari. Mfalme aliagiza kiandikwe alichotoa yeye, alichotoa dada yake, walichotoa wake zake na watu wengine. Wametajwa wacheza ngoma wapatao 400, wanawake walioletwa kutoka mahekalu mengine. Kila mmoja ana jina lake, hekalu alikotoka, na nyumba aliyopewa: mtaa gani, upande gani, nyumba ya ngapi. Hata posho yao ya mpunga imeandikwa. Taa nazo zina hesabu yake. Ili taa moja iwake daima, wafugaji walikabidhiwa kondoo jike 96, au ng'ombe 48, au nyati wa kufugwa 16, nao wakawajibika kuleta samli ya kuwashia taa hiyo kila siku. Ni wafalme wangapi wa zama zile waliomwandika mcheza ngoma kwa jina lake kwenye jiwe?

Tena ibada haijakatika. Makuhani bado wanaliogesha lingamu, jiwe la ibada linalomwakilisha Shiva, mungu wa Wahindu, na jioni za Pradosham, ibada ya Shiva ya mara mbili kwa mwezi, watu hujaa uani kumtazama Nandi, yule fahali mkubwa wa jiwe, akimwagiwa maziwa. Februari 2020 hekalu lilitakaswa upya, na Mahakama Kuu ya Madras ilikubali Kitamil na Kisanskriti, lugha ya kale ya ibada, vyote vitumike.

Naomba mchapishe masahihisho kuhusu kivuli, na mkipata nafasi, makala nyingine kuhusu wanawake wale 400.

Msomaji wenu,
Tanga