Kicheko cha Jack Johnson

Baba shikamoo,

Natumai hamjambo wote hapo Tanga, na mguu wa mama unaendeleaje? Mimi huku Chicago mzima, baridi ndo imeanza kupungua. Jumapili nilikuwa ofu nikaenda makaburi ya Graceland, usishtuke hajafa mtu, nilimfuata Jack Johnson, yule bondia, mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kalala pembeni ya wake zake wawili, wazungu wote.

Wewe ulitulea na Muhammad Ali, ile picha ya sebuleni na stori zako za 1980, alivyotumwa na Carter, rais wa Marekani, kuja Dar tugomee Olimpiki ya Moscow, Mwalimu akakataa hata kuonana naye. Lakini kabla ya Ali kulikuwa na huyu baba, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, kazaliwa Galveston, Texas. Mabingwa wazungu walikuwa wanamkwepa, ikabidi amfukuzie bingwa Tommy Burns mpaka Sydney, Australia, 1908, akamchapa mpaka polisi wakasimamisha raundi ya 14. Basi wakaenda kumtoa Jeffries, bingwa wa zamani, kwenye ustaafu, yuko shambani kwake kanenepa, eti aje aokoe heshima ya wazungu. Tarehe 4 Julai 1910 pale Reno, Nevada, juani, Johnson akamwangusha mtu ambaye alikuwa hajawahi kuangushwa, ikaishia raundi ya 15. Usiku ule weusi wakauawa miji kibao, kisa wameshangilia.

Nimeitazama filamu ya pambano lile mara nyingi, na kinachonishika sio ngumi, ni kicheko cha Johnson. Kamkumbatia mpinzani, anapiga stori na watu walioko nje ya ulingo, meno ya dhahabu yote nje. Zama zile bingwa wa uzito wa juu ndo alihesabiwa dume kuliko madume yote duniani, sasa dume lenyewe liwe jeusi, licheke, na lioe mzungu? Hawakuweza kulimeza. 1912 bunge lao likazuia filamu za ngumi kusafirishwa jimbo hadi jimbo, 1913 wazee wa baraza, wazungu watupu, wakamtia hatiani kwa kusafiri na mwanamke mzungu. Msamaha umekuja 2018, mwenyewe kafa 1946!

Alivyopoteza mkanda 1915, miaka 22 hakuna mweusi aliyepewa nafasi ya kuugombea mpaka Joe Louis, na Louis waliomsimamia walimkataza kupiga picha na mwanamke mzungu, wakamkataza pia kumcheka mtu aliyemwangusha. Ndo maana kwenye picha zake nyingi uso mkavu kama ukuta.

Baba, mwezi uliopita msimamizi wangu kazini kaniambia nipunguze kucheka, nawatisha watu. Wenzangu wazungu wanacheka vilevile na hawaambiwi kitu. Nikanyamaza wiki nzima. Nikakumbuka na wewe ulivyokuwa unaniambia nikienda mazoezini nikunje uso, mwanaume hachekicheki ulingoni. Sikulaumu, ndivyo na wewe ulivyofundishwa, ila Johnson alikuwa anacheka na hakuna aliyemzidi udume.

Picha ya Ali isitoke pale ukutani. Nikija Desemba nakuja na ya Johnson, ile anacheka, uiwekee msumari kabisa.

Mwanao