Hadithi za wazee zirekodiwe pamoja na waitikiaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu kazi ya kurekodi hadithi na masimulizi ya wazee, ambayo baadhi ya vijana wetu wa Nyanda za Juu Kusini wameianza kwa simu zao. Kazi hiyo naiunga mkono kabisa, ila namna inavyofanyika inanitia shaka.

Hivi karibuni, hapa Rungwe, nilimwona kijana akimrekodi bibi mmoja jikoni, wajukuu wakipukuchua mahindi. Kabla hajaanza, aliwatoa watoto nje wasipige kelele, kisha akamwomba bibi asimulie kwa Kiswahili, tena kwa kifupi, ili video ipate watazamaji wengi. Bibi alitii, lakini alipofika kwenye wimbo alisita kwa kuwa hapakuwa na wa kuuitikia, akauruka. Kilichoingia kwenye simu ni muhtasari tu, kwani katika hadithi kama ile msimulizi huongozwa na waitikiaji, akajua wapi arefushe na wapi aharakishe.

Watoto waachwe wakae, hata wakikohoa. Mzee asimulie kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kikinga, lugha yoyote aliyoipokelea hadithi hiyo, na tafsiri ya Kiswahili iandikwe baadaye chini ya picha. Hiyo inaweza kufanywa wakati wowote, ilhali msimulizi hatakuwapo siku zote.

Aidha, kuweka video mtandaoni si kuihifadhi. Ikitumwa kwa WhatsApp hubanwa ikapungua ubora, na simu ikiibwa kila kitu kimekwenda. Faili la awali linakiliwe zaidi ya mahali pamoja, nakala moja ibaki kwa familia ya msimulizi, na ningependa maktaba za mikoa na makumbusho kama ya Iringa Boma zipokee nyingine.

Liko pia suala la ridhaa, ambalo naona linapuuzwa kuliko yote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara nje ya mazingira yake bila kibali, lakini sidhani kama bibi yule amewahi kuisikia, wala kijana mwenyewe. Maofisa utamaduni wa halmashauri zetu wangeweza kuandaa fomu fupi, yenye Kiswahili chepesi, isomwe kwa sauti kwa mzee asiyejua kusoma, ikimwuliza video itawekwa wapi, nani atafaidika ikiingiza fedha, na kisa kipi ni cha ukoo kisichotakiwa kutoka nje ya nyumba.

Msomaji wako,
Tukuyu, Mbeya