Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu kwa mwaka 2025, mwaka ambao huduma za VVU hapa Mufindi zilianza kuyumba mapema kabisa. Mwezi Januari Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na washauri rika waliokuwa wakilipwa na miradi katika zahanati tunazoshirikiana nazo wakaambiwa wabaki nyumbani. Dawa za kufubaza virusi ziliendelea kutolewa. Waliokosekana ni watu wa kumfuata mgonjwa aliyepitiliza tarehe yake ya kliniki.

Upungufu huo si mdogo kwa mkoa kama wetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wanaishi na VVU, ilhali Iringa ni asilimia 11.1 na kwa jirani zetu wa Njombe ni 12.7. Anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Akiziacha, virusi huongezeka tena ndani ya wiki chache, na akizimeza kwa kurukaruka virusi hujenga usugu, yaani dawa huacha kuvizuia. Ndiyo maana Kamati iliamua kwamba fedha kidogo tulizonazo ziende kwanza kwenye nauli za wanachama wanaojitolea kufuatilia wagonjwa, hata kama semina zingeahirishwa.

Wengi tuliowafuata ni vibarua wa kupasua mbao katika msitu wa Sao Hill na wachumaji wa chai. Karibu wote hawakuwa wameikataa tiba. Kibarua hulipwa kwa siku, hivyo siku ya kliniki ni siku asiyopata kitu, na mvua zikishaharibu barabara nauli ya bodaboda hupanda maradufu. Kijana mmoja alitueleza kuwa aliacha kubeba chupa yake kwa sababu vidonge vililia kila aliposogeza begi ndani ya kibanda anacholala na wenzake. Mama mmoja wa chama hiki alimpa kipande cha pamba akijaze juu ya vidonge, akamsindikiza kituoni, na hadi leo anahudhuria. Ufuatiliaji wa namna hiyo haufanyiki kwa simu.

Wagonjwa waliotulia kwenye tiba huweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita. Tuliwahimiza waombe za miezi sita mwezi Novemba, kabla njia hazijafungwa na matope. Aidha, tuliendelea kuwaelimisha wanaume wa kambini kuhusu kujipima, jambo ambalo sheria imeliruhusu tangu 2019.

Suala la watoto wachanga ndilo linalonisumbua zaidi. Mtoto wa mama mwenye VVU hupaswa kupimwa akiwa na wiki sita, na sampuli husafirishwa hadi maabara kubwa. Majibu yakichelewa, mama wa kijiji cha mbali huacha kuyafuata. Mtoto aliyeambukizwa asipotibiwa, uwezekano wa kufariki kabla ya miaka miwili ni takriban nusu kwa nusu.

Kwa hiyo Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe sehemu ya ada za mwaka ujao itumike kuwafikia akina mama hao majumbani mwao kuanzia Januari. Mweka hazina atasoma makadirio.