Paka amefunga mkojo, deni la daktari tulibebe vipi?

Ndugu Mhariri na wasomaji, asalaam aleikum.

Naomba ushauri kuhusu deni la matibabu ya paka. Najua wapo watakaoguna, "laki mbili kwa paka?", kwa hiyo nitaeleza kwanza hela imekwenda wapi. Paka mwenyewe ni dume la kilo nne, la jirani yetu hapa Chikongola, mama anayekaanga korosho na kuziuza. Mimi niko kwenye duka la dawa za mifugo, ndiyo maana karatasi za hesabu zimeishia mikononi mwangu.

Kufunga mkojo ni maradhi yasiyongoja mwisho wa mwezi. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno kwenye ncha ya uume. Paka anayekula vikavu tu, iwe chakula cha mfuko au dagaa wakavu, na maji hanywi ya kutosha, mkojo wake huwa mzito. Madini yaliyomo hugeuka mchanga, mchanga ukashikana na ute, kikawa kizibo. Jike njia yake ni fupi na pana, ni nadra kumkuta hivi. Dume linachuchumaa, linalia, linajilamba chini, tone halitoki. Wengi hudhani limekosa choo wakalinywesha mafuta ya kula. Ukilipapasa tumbo kwa nyuma, kibofu ni kigumu kama ndimu. Hapo figo zimeshakwama, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unapunguza mwendo. Mapigo ya paka mbele ya daktari ni 140 hadi 220 kwa dakika. Mgonjwa akishuka chini ya hapo, hana muda. Asipofunguliwa, siku mbili tatu zinamtosha kufa. (Panadol asipewe kabisa. Mwili wa paka hauwezi kuiondoa sumu yake, na nusu kidonge kinaweza kumuua kabla ya huo mkojo.)

Hesabu ya daktari ni hii: kumwona 15,000, kipimo cha damu 38,000, kanula na chupa za dripu 20,000, dawa ya usingizi na ya maumivu 30,000, mpira wa mkojo pamoja na kazi ya kuuweka 50,000, kulazwa siku mbili 40,000, dawa za kwenda nazo nyumbani 10,000. Jumla 203,000. Zimelipwa 120,000, zimebaki 83,000.

Nimejaribu kuona cha kupunguza. Antibayotiki iliyomo kwenye dawa za nyumbani ningeiondoa: paka kijana aliyefunga mkojo mara nyingi hana bakteria kwenye kibofu, na hii tabia yetu ya kumdunga kila mnyama OTC, yaani antibayotiki ya oxytetracycline, haiyeyushi kizibo. Dawa ya maumivu ibaki, kwa sababu maumivu yenyewe huikaza njia ya mkojo. Kipimo cha damu, kama hela hakuna kabisa, daktari anaweza kujiongoza kwa kuhesabu mapigo ya moyo, ingawa ni kubahatisha kidogo. Mpira nao una namna yake. Ule mgumu ni wa kufungulia tu. Ukiachwa ndani unachubua njia, ikavimba, ikaziba upya. Wa kuachwa ni laini, namba 3.5, na ukikosekana wapo wanaotumia mpira wa kulishia watoto wachanga, namba 5, unaopatikana maduka ya dawa za binadamu kwa bei ndogo.

Kisichopunguzika ni zile siku mbili, na ndizo kila mtu anataka kuzifuta. Kizibo kikitoka, figo hufunguka kwa kishindo, paka anakojoa kupita kiasi na kuishiwa maji. Akitolewa dripu saa hizo anaanguka tena. Halafu wanaoziba mara ya pili, wengi huziba katika siku chache za mwanzo.

Ipo njia ya bei nafuu. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walichapisha majaribio ya kuwatibu madume bila mpira: dawa ya kutuliza, mkojo unavutwa kwa sindano kupitia tumboni, kisha paka anawekwa mahali penye giza na utulivu mpaka akojoe mwenyewe. Kati ya 15 walifunguka 11. Lakini walichaguliwa ambao damu haijaharibika, na kibofu kikipasuka gharama inakuwa nyingine kabisa. Ni kazi ya daktari, si ya kujaribia uani.

Kwa sasa paka anakojoa. Analishwa dagaa waliochemshwa kwenye maji mengi na kupewa pamoja na mchuzi wake, bila kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya paka. Maji yamewekwa sehemu kadhaa, na mchanga wa choo chake unaangaliwa asubuhi na jioni kama umelowa.

Sasa deni. Mama ni mwanachama wa kikoba chenye mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Wanachama wamegawanyika. Wengine wanasema paka akiingia leo, kesho wataingia mbuzi na kuku. Kwangu naona wana haki, mfuko ule ni wa watu. Ila sioni kwa nini asipewe mkopo wa dharura wa kawaida, wenye riba kama wa mwingine yeyote. Daktari naye yuko tayari kusubiri, lakini amechoka na ahadi ya "korosho zikiuzwa", na minada yenyewe ni Oktoba.

Naomba waliopitia haya wanisaidie. Je, kikoba chenu kimewahi kuandika kwenye katiba jambo la mifugo na wanyama wa nyumbani, na kwa maneno gani? Je, kuna daktari aliyekubali kulipwa kidogokidogo kwa maandishi, 10,000 kwa wiki kwa mfano, na alitaka mdhamini? Na la mwisho ndilo zito. Akiziba tena, tulipie mpira mwingine, au tumpeleke hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, akafanyiwe upasuaji wa kuondoa ile sehemu nyembamba na kufunguliwa tundu pana chini ya mkia? Safari hiyo hawezi kuianza akiwa amefunga. Lazima afunguliwe hapa kwanza, kwa hiyo tutalipa mara mbili. Aliyewahi kuufanya upasuaji huo atuambie ulimgharimu kiasi gani, nauli na siku za kulazwa zikiwemo, ili mama ajue kama achangishe au amwombe daktari ampumzishe paka moja kwa moja.

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara