Msifunge kusini mwa mbuga, hao wanyama wanajua wanachokimbia

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu hii stori ya kuweka fensi kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, juu kila ikirudi naskia watu wakisema kitu kimoja, eti ndani kuna nyasi kibao, sasa punda milia na nyumbu wanatoka kuenda Kitengela kufanya nini, si wafungiwe tu ndani yaishe. Mimi naishi Lang'ata na hiyo mbuga naingia mara kwa mara, na hayo maneno ya nyasi kibao ndiyo yananisumbua kabisa, kwa sababu nyasi kibao ndiyo shida yenyewe.

Mvua ndefu ikishanyesha, nyasi zinarefuka mpaka simba akilala kando ya barabara unampita na gari mita chache tu na humwoni. Sasa kama wewe uliye juu ya Land Cruiser humwoni, swala tomi mwenye kichwa chini anakula ataona nini? Simba hawezi mbio ndefu, lazima anyemelee afike karibu kabisa ndio aruke, kwa hivyo hizo nyasi zinamfanyia nusu ya kazi. Tena nyasi ikizeeka inabaki mabua matupu, haina lishe. Ukivuka Mto Mbagathi, ambao ndio mpaka wa kusini wa mbuga, ng'ombe na mbuzi wa Wamaasai wameshaila ikabaki fupi na changa, mnyama anaona mbali, na simba wenyewe wanaogopa wafugaji. Ndio maana wakati wa mvua wanasambaa nyanda za Athi-Kapiti na kiangazi kikikaza wanarudi mbugani kutafuta maji. Laikipia ni hivyo hivyo, swala pala wanapenda kukaa mahali palipokuwa na maboma zamani, nyasi ya hapo ina mbolea na hakuna kichaka karibu cha chui kujificha.

Kama unadhani naongeza chumvi, nenda Hyena Dam, lile bwawa la ndani ya mbuga, wakati wa kiangazi, zima injini uangalie punda milia wakija kunywa. Hata kama wamekauka na kiu hawaji mbio. Wanasimama mbali, wa mbele masikio yameelekea kwa matete, wa nyuma wanaangalia kule walikotoka, wanasonga hatua mbili tatu, wanasimama tena. Wa kwanza akiinama anapiga mafunda machache halafu kichwa juu, maji yanadondoka kidevuni, anatazama, anainama tena. Ndege mmoja akiruka ghafla kwa matete wote wanageuka wanatimua vumbi, na wengine hata hawakuwa wamelowesha mdomo, inabidi waanze upya. Hakuna aliyeliwa hapo, lakini muda wa kula na kunywa umeenda, na nguvu nayo.

Na hiyo hasara imepimwa. Kule Kanada watafiti walizungushia viota vya ndege fulani wadogo nyavu na waya wa stima ili adui asifike kabisa, halafu wakawa wanachezea wengine sauti za adui kwa spika na wengine sauti za wanyama wasio na madhara. Matokeo yalitoka 2011, wale waliosikia sauti za adui walipata watoto asilimia 40 chini ya wenzao. Sauti tu!

Sasa ona, mbuga yetu ya tangu 1946 ni kilomita za mraba 117 na pande tatu zimefungwa tayari. Ukifunga na huo wa nne unamlazimisha mnyama akae msimu wote wa nyasi ndefu pamoja na simba bila pa kwenda. Kufyeka na kuchoma nyasi sehemu sehemu kunasaidia, sikatai, lakini huwezi kufyeka mbuga nzima.

Najua mwenye shamba kule atauliza, simba akiwafuata hao punda milia halafu amle ng'ombe wangu nani atanilipa, na ni swali la haki, fidia ya kungoja miaka haimsaidii mtu. Lakini tushawahi kupata njia nzuri. Kuanzia 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili waiache wazi, bila fensi, bila kuikata ploti, na hizo pesa zilikuwa zinawafaa kwa karo. Kwangu mimi hakuna fensi inayoshinda hapo.

Kwa hivyo naomba serikali na kaunti ya Kajiado, pesa za nguzo na waya ziende kukodi hiyo ardhi kabla ploti hazijamaliza njia yote, na mfugaji aliyeliwa ng'ombe alipwe haraka. Na kabla mtu achore ramani yoyote aende awaulize wafugaji wanyama wanapitia wapi na mwezi gani, juu wao ndio wanaoishi nao kila siku.

Msomaji wenu,
Lang'ata, Nairobi