Ile tamthilia uliyonisifia

Langoni, Lamu

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi, na za mama pia. Anauliza kama Maulidi utakuja.

Ile tamthilia ya Waingereza nimeitazama usiku tatu mfululizo. Magauni yametimia, hata vifungo vya glavu. Lakini nywele, Mwanaisha! Mwaka ni 1865, mke wa mtu, mama wa watoto, anapokea wageni nywele zimemwagika hadi kiunoni. Mikono iliniwasha nishike chanuo.

Zama zile kwao nywele za kuachia zilikuwa za mtoto. Msichana akifika miaka 16 au 17 hivi, huzipandisha na kuzibana kwa vibanio, na gauni likarefushwa. Hapo watu wakajua amekuwa mtu mzima. Tangu siku hiyo hazimwagi ila chumbani. Tena miaka ile ya 1860 njia ilipita katikati ya kichwa, nywele zikalazwa laini juu ya masikio na kufungwa kisogoni, mara nyingi ndani ya wavu. Huyu wetu ana njia ya ubavuni na mawimbi mapana ya koleo la moto, ustadi ambao msusi Marcel Grateau wa Paris aliuanzisha 1872!

Usiniambie ni nywele tu. Bi harusi wetu siku ya kupamba, wakimwonyesha kwenye filamu bila asumini kichwani, si utalia? Ndivyo ninavyomlilia yule mama. Wamemvua utu uzima wake mbele ya wageni.

Wale wa tamthilia nyingine ya Waingereza, Downton Abbey, walilijua hili. Hadithi inaanza 1912, Lady Mary, binti mkubwa wa nyumba ile, nywele zimebanwa. Anapozikata 1924 hata bibi yake anashtuka, nami nilishtuka naye. Angekuwa anaziachia tangu mwanzo, mkasi ule usingekuwa na uzito wowote.

Na jambo hili nimelipenda sana: nywele zilizobaki kwenye brashi hawakuzitupa. Walizikusanya kwenye kikopo mezani, wakatengeneza vifundo vya kujazia shungi. Bibi yangu naye hakuzitupa, ila yeye alizifukia, asizipate mwenye nia mbaya.

Ukija, niletee vile vibanio virefu vya chuma, pakiti mbili. Binti wa jirani amekubali nimfunge mtindo wa 1865, njia katikati, wavu nitaufuma mwenyewe.

Akupendaye,
Fatma