Mdogo wangu, mrudishe mtoto

Mdogo wangu,

Naandika hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe unasoma tu unanyamaza. Jina lako silitaji. Mwenyewe utajijua.

Kuachana na wifi sikukatazi. Miaka mitatu mnalala vyumba viwili, mnasemeshana kupitia mtoto: "Kamwambie baba chakula tayari." Wazee wamekaa nanyi, mchungaji amekaa nanyi, mimi nimepanda basi kutoka Morogoro mara mbili. Kila mara mlitikisa vichwa kwa adabu, tukigeuka tu, vita. Ndoa hiyo haitengenezeki tena, na sheria haimlazimishi mtu kuishi ndani ya ndoa ya namna hiyo.

Ninachokataa ni kile ulichofanya usiku ule. Ulimbeba mtoto wa miaka mitano usingizini, ukampeleka kwa mama yetu huko Manyoni, kisha ukarudi Dar peke yako ukitangaza kwamba mtoto ni wa ukoo. Ukoo upi huo? Mama anatembelea fimbo, kisima kiko mbali. Na wewe mwenyewe hukai naye! Umemchukua ili mwenzio amkose, basi.

Huyo wa kijiweni anayekwambia mtoto ni wa baba, muulize alisoma wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka hakimu atangulize ustawi wa mtoto, siyo nani alitoa mahari. Na mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri kwake akae na mama, labda wewe uonyeshe sababu ya kupinga. Unayo? Wifi hanywi, mtoto hampigi, na vitumbua vyake vya alfajiri ndivyo vilivyolipa chekechea ulipoachishwa kazi. Akikaa kwa mama yake, matunzo bado ni jukumu lako. (Nahisi hapo ndipo panapokuuma.)

Hata nyumba ya Mbagala, acha kusema hana chake kwa kuwa hakuajiriwa. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa.

Baraza la usuluhishi limekuita mara mbili, hukwenda, ukidhani utaikwamisha talaka. Kweli, kwa kawaida shauri haliendi mahakamani kabla ya kupita baraza. Lakini anayeitwa akakaidi kwa makusudi hamfungii mwenzake mlango. Mahakama inaweza kumpokea vivyo hivyo. Mambo ya mwanao yataamuliwa wewe ukiwa kijiweni. Nenda ukaseme unachotaka: likizo ya Desemba, Jumamosi zako, kumwona shuleni. Mzazi asiyekaa na mtoto hapotezi haki ya kumwona, na mkikubaliana wenyewe mtajiokolea siku nyingi za kukaa kwenye mabenchi ya mahakama.

Au umesahau? Baba alipotugawa ulikuwa na miaka sita. Mimi nilibaki na mama, wewe ukapelekwa kwa bibi. Nilipokuja likizo nilikukuta unalalia kitenge cha mama kimeshaota weusi, na bibi akaniambia kila akitaka kukifua unakikalia, unalia, unasema harufu itatoka. Tulicheka siku ile. Tulikuwa watoto.

Juzi mama kanipigia. Anasema mjukuu wake kila basi likipunguza mwendo barabarani anakimbilia mlangoni, anauliza kama ndilo la mama yake. Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza, "Kile kitenge mlikipeleka wapi?"

Ijumaa kata tiketi mbili za Manyoni, yako na yangu. Mimi nitapandia Msamvu. Kurudi, mtoto tutampakata.

Dada yako